Salamu kwa Dakika

Mimi sikuajiriwa kwa sababu ya masomo. Stashahada yangu mama aliitia fremu akaitundika sebuleni kule nyumbani Longisa, na kutundikwa ndiyo kazi pekee imewahi kufanya. Niliajiriwa kwa sababu najua kuamkia watu.

Asiye wa kwetu atacheka. Acha acheke. Sisi Wakipsigis huwezi kumrukia mtu mzima na shida yako kabla hujamwambia chamgei. Unamwamkia, anakujibu, unauliza nyumba, watoto, ng'ombe, mvua, majani ya chai yanachipuka namna gani upande huo. Naye anakuuliza hayo hayo. Mkimaliza ndiyo mnaingia kwa maneno. Mimi nililelewa na nyanya, na nyanya alikuwa ananifinya sikio nikikatiza salamu ya mtu. Kwa hivyo naijua yote, mwanzo mpaka mwisho, na watu husema sauti yangu inamfanya mtu aendelee kuongea.

Madam Phelis, mwenye kampuni, aliisikia hiyo sauti siku ya mahojiano akatabasamu meno yote. "Chepkurui, wewe utatufaa," akasema. "Wazee watakupenda."

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja Kericho mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilikuwa inapanda mpaka kwa meza zetu. Mabango yetu yalikuwa na rangi za bendera na picha ya mama anacheka na simu. MSAADA WA HUDUMA ZA SERIKALI, PIGA SASA. Halafu namba, kubwa, unaweza kuisoma ukiwa ng'ambo ya mto. Chini kabisa, kwa maandishi ya kusomwa na mchwa, ilisema kwamba sisi ni kampuni ya watu binafsi na kwamba kila dakika inakata kredo kuliko simu ya kawaida. Mabango hayo yalibandikwa kwa milango ya maduka na kwa vituo vya kupimia majani chai, mahali mkulima anangoja lori masaa mengi bila kitu cha kusoma. Hata kwa mtandao, ukitafuta ofisi yoyote ya serikali, sisi ndio tunatokea juu.

Kazi ilikuwa hivi. Mtu anapiga akidhani ameshika serikali. Tunamsikiliza, halafu tunampa namba ya ofisi anayoitaka, au tunamwambia mlango wa kuingia. Basi! Habari ambayo angeipata bure akiuliza askari wa getini, au akipiga namba ya ofisi yenyewe, ambayo haimli zaidi ya kumpigia shemeji yake. Hatukusema uongo hata siku moja. Hiyo ndiyo dua yangu nilikuwa najiombea kila asubuhi nikipiga mswaki: hatusemi uongo, hatusemi uongo.

Ila sheria ya Madam Phelis ilikuwa moja. Namba inatolewa mwisho.

Dorcus Ajwang alikuwa anakaa meza ya pili, yeye akishika simu za watu wa kwao, wale wanaofanya kazi kwa mashamba makubwa na kiwandani. Alikuwa ananicheka mpaka machozi. "Wee Chepkurui, watu wenu ni dhahabu! Mnaamkiana mpaka mnafika kwa ndama! Wangu wakiona nachelewa wananitukana, wanakata." Kila mwisho wa wiki dakika zangu zilikuwa juu ya za kila mtu. Madam Phelis akinipita ananigusa bega, anasema hivi karibuni nitakuwa kiongozi wa chumba. Nami nilifurahi, kwa nini nidanganye? Mama alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa kwamba binti yake yuko serikalini, na mimi nilikuwa sijamrekebisha.

Mzee Noah arap Mibei alipiga Jumatatu.

Aliniamkia kwa sauti ya mtu aliyevua kofia. Nilimjibu. Akaniuliza mimi ni wa wapi, nikamwambia, akaniuliza ukoo, nikamwambia. "Oi!" akapiga kelele. "Kumbe naongea na mtoto wangu! Huo ndio ukoo wetu!" Basi hapo mambo yakawa matamu. Akanieleza boma lake, ndani kutoka Sosiot, chini ya kituo cha majani, karibu na kijito. Anaishi na mjukuu mmoja, Chepkorir, aliyeachiwa na binti yake aliyefariki. Ng'ombe mmoja alikuwa na mimba, na alikuwa na wasiwasi naye.

Halafu akasema shida yake, na aliisema wazi. Aliomba cheti cha kuzaliwa cha Chepkorir zamani. Amekifuata mjini mara mbili, akaambiwa bado, apige simu kwanza kabla ya kuja tena. Sasa mwalimu mkuu amesema jina la mtoto haliwezi kwenda kwa wale wa mtihani wa kitaifa bila cheti, na mwisho ni Ijumaa. Asipopata, atarudia darasa mwaka mzima. "Na ni mtoto mwerevu," akasema. "Mwaka jana pia alikosa shule nilipolazwa, alibaki kuniangalia. Akirudia tena, ataona haya, ataacha. Namjua. Nataka kujua kitu kimoja tu, mtoto wangu. Kiko tayari?"

Jibu lake lilikuwa sentensi moja: hatujui sisi, piga namba hii, ni ya ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Namba ilikuwa mbele yangu kwa skrini. Nami nikamuuliza, "Na huyo ng'ombe, mimba imefika wapi?"

Alinieleza. Mtu akiulizwa habari ya ng'ombe wake kwa upole namna hiyo, anaeleza. Alikuwa bado kwa ndama wa mwaka juzi wakati kredo ilikwisha na laini ikanyamaza. Nilisikia ule mlio nikaandika dakika zangu, nikapokea simu nyingine.

Jumanne alipiga tena. Mimi nilidhani ataendelea pale tulipoachia. Wapi! Jana ni jana, na leo mtu hajaamkiwa. Alianza upya, chamgei, nyumba, mvua, mpaka kuniuliza kama nimeamka salama. Angekuwa Dorcus anaongea na mtu wake, huyo mtu angepiga kelele: nipe namba mama, kredo inaisha! Lakini Mzee Noah hangeweza. Kumharakisha mtoto wa ukoo wake, na mtoto mwenyewe ni wa serikali? Angekufa kwanza.

Na mimi nilikuwa na kazi ya kufanya. Madam Phelis alikuwa ametupa mawaidha ya kusomea wateja, ya kuongezea dakika, na ilikuwa lazima kila mtu asomewe. Nikamsomea kwa Kikipsigis safi. "Baba, jihadhari na matapeli. Mtu akikupigia bila salamu, akikuharakisha, akitaka kitambulisho chako, huyo ni mwizi. Kata simu, uizime. Mtu wa serikali hana haraka."

"Kweli kabisa!" akasema. "Haraka haraka haina baraka. Kongoi, mtoto wangu. Hakuna mtu amewahi kunifundisha hivyo."

Kredo ikaisha akinishukuru.

Nilimwambia Dorcus. Akaacha kucheka, akaniangalia. "Mpe namba mzee wa watu," akasema. "Akipiga kesho, mpe kabla hajamaliza kukohoa." Nikasema nitampa. Nilimaanisha, haki ya Mungu nilimaanisha.

Jumatano alipiga, na sauti ilikuwa imechoka kidogo. Alimwomba karani wa kituo cha majani amtumie kredo, na karani hakuwa amefurahi. Hata hivyo aliniamkia yote. Nikamjibu mbio mbio, nikaruka mvua, nikaruka watoto, nikasema, "Baba, shika kalamu, andika..." Na nikasikia manukato. Madam Phelis alikuwa amesimama nyuma yangu, na mandazi ya wafanyakazi kwa sahani, anatabasamu. Hakunikemea. Aliinama tu akaninong'oneza kwa sikio lisilo na simu, "Muulize mtoto anasoma shule gani."

Hapo ndipo ningesema hapana. Sikufungwa kamba. Sikushikiwa kisu. Mbele yangu kulikuwa na mzee ameshika kalamu, nasikia anapumua, ananingoja niseme namba. Nami nikasema, "Ngoja kidogo, baba. Huyo Chepkorir anasoma shule gani?"

"Ai, huyo!" akasema, na sauti ikapata nguvu. Akanipa shule, akanipa walimu, akanipa alama za hesabu. Nilikuwa nimefumba macho. Madam Phelis aliacha andazi moja mezani kwangu akaenda. Nilipofungua mdomo kusema namba, laini ilikuwa imeshakatika, na sikujua imekatika kwa alama gani ya hesabu.

Alhamisi hakupiga. Mwanzo nilipata nafuu. Kila simu ikilia na si yeye, nashukuru Mungu. Halafu saa sita ikapita, na ile nafuu ikageuka. Nikajua kwa nini hapigi: hana wa kumwomba tena. Mimi mwenyewe nilikuwa na kredo kwa simu yangu ya mfukoni, namba yake nilikuwa nimeiona kwa skrini siku tatu, na sikumpigia. Nilijiambia kampuni imekataza kuchukua namba za wateja. Kweli imekataza. Ala, nilivyokuwa mtiifu siku hiyo!

Ijumaa wakati wa chai ya asubuhi, nilinyanyuka nikashuka ngazi bila kumwambia mtu. Ofisi ya vyeti iko ng'ambo ya barabara. Narudia, ili nisije nikaipunguza: ng'ambo ya barabara. Kutoka dirisha letu, Dorcus alikuwa anaweza kuona nani amesimama kwa foleni na amevaa nini. Nilikuwa nimefanya kazi hapo karibu mwaka, na sijawahi kuvuka kwenda kumuulizia mtu yeyote kitu chochote. Mlangoni kwao, kwa rangi nyeupe, imeandikwa namba ya simu ya ofisi, ya kawaida kabisa, ya kila mtu.

Foleni ilikuwa ndefu. Nilipofika kwa dirisha, kijana aliyekuwa hapo hata hakuniamkia. "Jina la mtoto? La mama yake? Mwaka?" Nikamwambia. Mzee alikuwa amenipa yote hayo ndani ya salamu, na zaidi. Kijana akapekua kwa sanduku, akatoa karatasi, akaiangalia.

"Hiki kiko hapa tangu mwezi uliopita," akasema. "Aliyeomba ni nani? Babu? Aje na kitambulisho chake."

"Nipe mimi nimpelekee."

"Siwezi. Aje na kitambulisho. Tunafunga dirisha saa nane leo, kuna mkutano."

Nilitoka pale mbio mpaka kando ya barabara, lori la majani likipita na trekta nyuma yake, nikapiga namba ya mzee, niliyokuwa nimeshaikariri kwa skrini. Saa tano ilikuwa imepita. Akitoka sasa hivi, akipata pikipiki mpaka Sosiot na gari papo hapo, anafika. Akichelewa kidogo, hafiki. Na nilikuwa nimeapa, tangu Jumatano nilikuwa nimeapa, kwamba sitamwibia mzee huyu kwa salamu nyingine hata moja.

Akashika. "Halo?"

"Mzee Noah!" Nilipiga kelele juu ya trekta. "Njoo Kericho sasa hivi! Chukua kitambulisho chako uje! Sasa hivi, usikae!"

"Nani huyo?"

"Kitambulisho! Umesikia? Chukua kitambulisho, toka kwa nyumba, dirisha linafungwa!"

Halafu akasema, polepole, kama mtu anayemjibu mtoto mkaidi, "Hata hujaniamkia, na unataka kitambulisho changu. Nimeambiwa juu yenu."

Akakata.

Nilipiga tena, chamgei iko tayari kwa ulimi, baba ni mimi, ni mimi wa ukoo wenu. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena na tena, yule mwanamke wa kampuni ya simu ananiambia mteja hapatikani. Amefanya kila kitu nilichomfundisha. Alikata, akaizima. Mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kusomea mawaidha, na mimi nimesimama kando ya barabara nikijipiga kofi la paja mpaka watu wakageuka.

Sikurudi juu. Mkoba wangu ulibaki kwa kiti, na Dorcus ndiye aliyeniletea baadaye. Nilipanda gari la kwanza la Sosiot. Huko nikachukua pikipiki, na mvua ya Kericho, ambayo haijawahi kumngoja mtu, ikateremka. Barabara ya mashambani ikawa uji. Mara tatu tulishuka tukasukuma, mara ya nne kijana wa boda akasema, "Madam, mimi naishia hapa, injini itakufa." Nikavua viatu nikapanda kilima kwa miguu katikati ya chai ya watu.

Kwa kituo cha majani wanawake walikuwa wamekaa na mifuko yao wanangoja lori. Bango letu lilikuwa ukutani, mama anacheka na simu. Niliwaamkia, nikauliza boma la Arap Mibei.

"Mzee wa simu?" mmoja akasema, wote wakacheka, lakini si kwa ubaya. "Ana rafiki serikalini siku hizi, hatuongeleshi tena sisi. Shuka hapo, utaona mlango wa bluu."

Nikashika lile bango nikalirarua. Wakapiga kelele. "Wee! Hiyo ni mali ya serikali!"

"Si ya serikali," nikasema. "Ni ya watu wanaokula kredo yenu. Someni huku chini. Mkitaka ofisi, pigeni namba iliyoandikwa kwa mlango wa ofisi yenyewe, au ulizeni chifu. Anayewaamkia sana kwa hii namba anawala."

Wakaniangalia, mwanamke amelowa, viatu mkononi, anawafokea. Mmoja akasema, taratibu, "Na wewe ni nani hata hujui kuongea na watu?" Sikuwa na wakati. Nilishuka.

Alikuwa amekaa mlangoni, mzee mwembamba, sweta la kijani, kofia gotini. Chepkorir alikuwa jikoni na sare ya shule bado mwilini; nilimwona mgongo tu, anapuliza moto. Nikajua kwa hiyo sare kwamba shule imetoka. Nilisimama, na kwa sababu sikujua kufanya kingine, nikamwamkia.

Aliinua kichwa, akasikiliza ile sauti, na uso wake wote ukafunguka.

"Ni wewe!" Akasimama. "Mtoto wangu wa serikali! Chepkorir! Chepkorir, njoo uone! Si nilikuambia atakuja? Si nilikuambia watu wa namna hii hawasahau mtu?" Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniingiza ndani, akanipa kiti chenye kitambaa, akaniuliza njia, mvua, mama yangu Longisa, na mimi nikawa namjibu, kwa sababu ulimi wangu haujui kufanya vingine. Chepkorir alikuja na birika. Ni msichana mrefu, ana macho ya mtu aliyekuwa akilia na amenawa. Aliniamkia vizuri, akaanza kumimina.

"Leo wezi walinijaribu," Mzee Noah akaniambia, na alicheka kweli. "Asubuhi! Mwanamke anapiga kelele kama anafukuza nyani. Hana salamu, hana jina, kitambulisho, kitambulisho! Nikakumbuka maneno yako. Nikakata, nikazima, na mpaka sasa sijawasha. Nilisema, nikimwona yule msichana, nitamshukuru."

Kikombe changu kilikuwa kimejaa mpaka juu. Niliangalia chai, sikuweza kumwangalia yeye.

"Mtihani," nikasema. "Majina yameenda?"

Chepkorir ndiye aliyejibu. "Mwalimu mkuu alingoja mpaka saa tisa, halafu akatuma. Amesema mwakani." Alisema bila lawama, kama mtu anayesoma ubao, halafu akamwangalia babu yake. "Kugo amesema Jumatatu utamsaidia."

"Atatusaidia," babu akasema. "Serikali haiwezi kushindwa na mwalimu mkuu."

Ningeweza kunyamaza. Lazima niseme hivyo, kwa sababu niliiona hiyo nafasi na niliitamani. Ningekunywa chai, ningeahidi Jumatatu, ningeondoka nikiwa mtoto wa ukoo. Nilikuwa mwoga siku nne mfululizo na nilikuwa nimeizoea. Lakini yule msichana alikuwa ananiangalia, na nadhani alikuwa ameanza kujua.

"Baba," nikasema. "Mwanamke wa asubuhi ni mimi."

Alitabasamu bado, akingoja nimalize mzaha.

"Ni mimi niliyepiga. Nilikuwa nimesimama kwa ofisi ya vyeti. Cheti kiko tayari, walikitaka kitambulisho chako ili wakupe. Nilikuwa nakuita uwahi." Na kwa sababu nimeanza, nikamaliza. Nikamwambia ile namba si ya serikali. Nikamwambia tunalipwa kwa dakika, na kila alichoniambia juu ya ng'ombe na alama za hesabu kilikuwa kinakatwa kwa kredo yake, na nilikuwa najua. Nikamwambia namba ya ofisi ilikuwa mbele yangu tangu siku ya kwanza. Sauti yangu, ile inayopendwa, ilikuwa imekauka kabisa.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mzee Noah alirudisha kofia gotini, akaigeuza, akaigeuza tena. Sijawahi kutamani kutukanwa namna ile. Angenitukana, ningepumua.

Ni Chepkorir aliyeuliza. "Kugo alipokupigia Jumatatu, cheti kilikuwa tayari?"

"Kilikuwa tayari."

"Na hiyo ofisi iko mbali na yenu?"

"Ng'ambo ya barabara."

Akatingisha kichwa, mara moja, kama ameelewa hesabu. Hakulia. Aliangalia sare yake, akatoa uzi uliokuwa umening'inia kwa mkono, akauviringa kwa kidole.

Mzee Noah akafungua mdomo mwishowe. Nilidhani sasa inakuja, nikainamisha kichwa ili inipate vizuri. "Umetembea kwa mvua," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na hakuniita mtoto wangu. "Kunywa chai. Inapoa."

Nikanywa. Ilikuwa moto, maziwa mengi, sukari waliyokuwa wameweka kwa ajili ya mgeni. Niliimaliza yote, kwa sababu kuiacha ingekuwa kumtukana mara ya pili. Niliweka kikombe chini, kitupu, nikanyoosha mkono nikifunike kwa kiganja, kusema imetosha.

Chepkorir alikuwa ameshasimama na birika. Mgeni haachwi na kikombe kitupu, hivyo ndivyo alivyolelewa. Alinimiminia cha pili mpaka juu, bila kuniangalia, akanipa kwa mikono miwili, nami nikakipokea.